Seli mbovu inapokataa kufa: p53 ni nini na inafanya kazi namna gani

Seli ya mwili ikiharibika vibaya haingoji kuuliwa, inajiua yenyewe. Iko na vifaa vyote vya kujiua ndani yake tangu inazaliwa, vimetulia tu, na kila siku mwilini mwako seli mabilioni zinavitumia na wewe husikii kitu. Huku Lubumbashi nikiongea na watu juu ya kansere, karibu wote wanajua nusu ya habari, kwamba seli zinazaana ovyo ovyo mpaka zinafanya uvimbe. Ni kweli kabisa. Lakini ile nusu ingine hatuisemi: seli ile, kabla haijafika kuzaana ovyo, ilipaswa kufa, na haikufa. Nani alipaswa kuiambia ife? Mara nyingi sana jibu ni protini moja inaitwa p53, inayotengenezwa na jeni TP53. Nataka kuieleza polepole juu mambo yake yanatugusa sana sisi watu wa bukari (ugali wa mahindi) na karanga, nitafika huko.

Kwanza tuelewane kuhusu kufa kwenyewe, juu seli inaweza kufa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Ukiungua na mafuta ya moto, seli za ngozi zinavimba, zinapasuka, vyote vilivyokuwa ndani vinamwagika na kuchokoza seli za jirani, njo pale unaona wekundu, joto, maumivu. Hicho ni kifo cha ajali. Kifo cha pili kina utaratibu, na ukikiangalia kwenye mikroskopu unakitambua mara moja: seli inanywea badala ya kuvimba, inaachana na jirani zake, ADN yake (wengine wanaandika DNA) inajikusanya mabonge mabonge ndani ya kiini na inakatwa vipande, alafu utando wa nje wa seli unaanza kutoa vinundu vinundu, na mwisho seli nzima inagawanyika kuwa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, hakuna kinachomwagika. Tena kuna mafuta fulani ya ule utando, yanaitwa fosfatidilserini, siku zote yanakaa upande wa ndani, sasa yanageuzwa yanakuja nje, na seli za kinga zikipita zikiyagusa zinajua hii ni ya kula. Zinaila, imeisha. Hakuna usaha, hakuna kovu. Kifo hiki mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikieleza vizuri na kukipa jina apoptosisi.

Na usifikiri ni kitu cha ugonjwa tu. Mtoto akiwa bado tumboni mkono wake unaanza bapa, hauna vidole vilivyoachana, na vidole vinapata nafasi juu seli za katikati zinajiua. Kuna mnyoo mdogo sana, urefu wake kama milimita 1, jina lake C. elegans, wataalamu walihesabu seli zake moja moja tangu yai: zinazaliwa seli 1,090, na kati ya hizo 131 zinajiua, kila mnyoo, zile zile, kwa saa ile ile. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa Nobel mwaka 2002 kwa kazi hiyo, na kilichoshangaza watu ni kwamba jeni za kifo walizozikuta kwa mnyoo ziko pia kwetu sisi, zimebadilika kidogo tu. Kwa hiyo hii mashine ya kujiua ni ya zamani mno.

Sasa p53 yenyewe. Ilionekana mwaka 1979, na timu kadhaa kwa wakati mmoja, David Lane na Lionel Crawford kule Uingereza, Arnold Levine na wenzake Marekani, na wengine. Hawakuwa wanaitafuta. Walikuwa wanachunguza virusi vinavyoleta uvimbe kwa wanyama, SV40, na kila wakivuta protini ya kirusi wakakuta kuna protini ingine ya seli yenyewe imeshikamana nayo. Uzito wake kwenye kipimo ulionekana kama elfu 53, njo jina p53, ijapokuwa baadaye ilijulikana uzito wake wa kweli haufiki elfu 44. Ni mnyororo wa asidi amino 393 (asidi amino ni vipande vinavyojenga protini), jeni yake iko kwenye mkono mfupi wa kromozomu 17, na kila seli iko na nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama.

Hapa kuna kisa ambacho kwangu mimi kinafundisha kuliko vitabu vingi. Kwa karibu miaka 10 wataalamu waliamini p53 inaleta kansere. Walikuwa na sababu: kwenye uvimbe waliikuta nyingi sana, na wakiitia kwenye seli za maabara pamoja na jeni ingine ya kansere, seli zinageuka mbaya. Shida ilikuwa kwamba nakala walizokuwa wanatumia zilitoka kwenye seli za uvimbe, kumbe zilikuwa zimeshaharibika! Mwaka 1989 timu ya Bert Vogelstein ikachunguza kansere ya utumbo mpana, wakakuta nakala moja ya jeni imepotea na ile iliyobaki imeharibika, yaani kansere inapata faida p53 ikiwa haipo. Mwaka ule ule timu ya Levine ikaonyesha p53 nzima inazuia seli kugeuka mbaya. Habari ikageuka juu chini. Alafu mwaka 1992 wakatengeneza panya wasio na p53 kabisa: wengi wao walizaliwa vizuri, wakakua, wakacheza, na ndani ya miezi 6 wengi walikuwa na uvimbe. Mwaka huo huo Lane akaiita mlinzi wa jenomu, yaani wa ADN yote ya seli, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Inafanya kazi namna gani? Watu wengi wanafikiri mwili ukipata hatari njo unaanza kutengeneza p53. Hapana. Seli inaitengeneza muda wote, hata sasa hivi unaposoma, lakini inaiharibu muda wote vile vile. Chukua bidon lenye tundu chini, unamimina maji juu yanatoka chini, ndani hayajai kamwe. Sasa ziba lile tundu na dole gumba, bila kuongeza hata tone la ziada, maji yanapanda. Tundu la p53 ni protini ingine inaitwa MDM2. MDM2 inaishika p53, inaibandika alama ya kutupwa inaitwa ubikwitini, na mashine ya seli ya kusaga protini inaisaga. Ndani ya dakika chache tu. ADN ikikatika, kwa mfano kwa mionzi, kuna protini za kengele, ATM na CHK2, zinaweka fosfati, alama ndogo ya kemikali, juu ya p53 fasi fulani fulani, na MDM2 haiwezi tena kuishika vizuri. p53 inapanda kwa haraka mno, juu hakuna haja ya kungoja ianze kutengenezwa. Na kitu cha ajabu ni kwamba moja ya jeni ambazo p53 inaziwasha ni jeni ya MDM2 yenyewe, yaani p53 ikipanda inatengeneza kile kitakachoishusha, ili hatari ikipita kila kitu kirudi chini. Ukitaka kujua MDM2 ni ya lazima kiasi gani: mwaka 1995 wataalamu waliondoa jeni ya MDM2 kwa panya, vijusi vikafa mapema tumboni, vyote. Wakaondoa MDM2 pamoja na p53, vikazaliwa. Kilichokuwa kinawaua ni p53 isiyokuwa na wa kuizuia.

p53 ikishapanda haiui kwa mkono wake, na hapa watu wengi wanachanganya. Kazi yake ya kwanza ni kuwasha jeni. Protini nne za p53 zinaungana pamoja, zinakaa juu ya ADN kwenye fasi maalum, na jeni zilizo karibu zinaanza kusomwa. Moja ya jeni hizo inatoa p21, na p21 inasimamisha seli isigawanyike, ili ADN itengenezwe kwanza. Uharibifu ukiwa mdogo, unatengenezwa, p53 inashuka, seli inaendelea na maisha yake. Ukiwa mkubwa, ama ukidumu, zinawashwa zile za kifo, na hasa PUMA na NOXA, ambazo zilijulikana karibu mwaka 2000 na 2001.

Ili uelewe PUMA inafanya nini lazima nikutambulishe familia ya BCL-2, na njo sehemu ninayoipenda zaidi. Ndani ya seli kuna mitokondria, zile zinazotengeneza nguvu, na kati ya kuta zake mbili kuna protini inaitwa saitokromu c, kazi yake ya kila siku ni kupitisha elektroni ili nguvu ipatikane. Haina ubaya wowote ikikaa pale. Ikitoka nje ya mitokondria, seli imekwisha. Sasa kuna protini mbili, BAX na BAK, zikikusanyika kwenye ukuta wa nje wa mitokondria zinatoboa matundu. Na kuna BCL-2 na ndugu zake ambazo zinazishika BAX na BAK zisitoboe. Kwa hiyo seli nzima inaishi juu ya usawa wa hizi kambi mbili. PUMA inakuja inaingia kwenye shimo dogo lililoko juu ya BCL-2, inalijaza kabisa, BCL-2 haiwezi tena kushika kitu. BAX na BAK zinakuwa huru. Matundu yanafunguka, saitokromu c inamwagika, inakutana na protini inaitwa APAF1, vipande saba vya APAF1 vinaungana kufanya gurudumu, gurudumu linaamsha kaspasi 9 (kaspasi ni vimeng'enya vinavyokata protini), kaspasi 9 inakata na kuamsha kaspasi 3, na kaspasi 3 njo mkasi wenyewe: inakata mamia ya protini, inakata nguzo za umbo la seli, inaachilia kimeng'enya kinachokata ADN. Vile vinundu na vifurushi nilivyosema pale juu vinatoka huku. Kazi ya saitokromu c katika kifo ilionyeshwa na timu ya Xiaodong Wang mwaka 1996, na nakumbusha, watu walikuwa wanaijua hiyo protini kwa miaka mingi kama mfanyakazi wa nguvu tu.

Kwa nini seli ingine inasimama na ingine inajiua kwa uharibifu uleule? Inategemea ni seli ya nini, na ile kambi ya BCL-2 iko na nguvu kiasi gani mule ndani. Seli za damu zinazozaliwa kwenye uboho, seli za utumbo, seli za mzizi wa nywele, hizo zinajiua upesi. Seli za tishu zinazoshikilia ngozi mara nyingi zinasimama tu, hazifi. Njo maana mgonjwa anayetibiwa na shimioterapi, yaani dawa kali za kansere, anapoteza nywele, anaharisha, damu inapungua, ni p53 yake nzima inafanya kazi kwenye seli ambazo hatukutaka zife. Walijaribu kwa panya: wale wasio na p53 walipewa dawa ile ile ya kansere na manyoya hayakunyonyoka.

Sisi watu wa Katanga tuko na uhusiano wa zamani na hii habari ya mionzi. Kabla dunia haijajua mgodi wetu wa Shinkolobwe kwa ajili ya bomu la Hiroshima, tangu miaka ya 1920 mawe ya pale yalikuwa yanapelekwa Olen, Ubelgiji, kutolewa radiamu, madini yanayotoa mionzi, na radiamu ile iliwekwa kwenye sindano na mirija midogo kutibu kansere Ulaya na kwingine. Uvimbe mwingine uliyeyuka, mwingine haukushtuka hata kidogo, na hakuna aliyekuwa na maelezo. Sehemu ya maelezo ilikuja mwaka 1993: timu mbili zilichukua seli za tezi ya timasi za panya, zile seli changa za kinga, wakazipiga mionzi. Zenye p53 zilikufa. Zisizo na p53 ziliendelea kuishi na ADN yao imekatika. Nadhani mtu akielewa sentensi hiyo ya mwisho ameelewa kansere kuliko tukimpa somo zima, seli inayoishi na ADN iliyokatika njo mwanzo wa mambo yote.

Karibu nusu ya kansere zote za binadamu ziko na TP53 iliyoharibika. Na jeni hii inaharibika kwa namna isiyo ya kawaida. Jeni zingine zinazozuia kansere mara nyingi zinakatwa ama zinapotea kabisa, lakini TP53 mara nyingi inabadilishwa herufi moja tu ya ADN yake, na protini inaendelea kutengenezwa, ndefu, inaonekana nzima, ila haiwezi kukaa juu ya ADN. Kumbuka zinafanya kazi nne nne. Nakala moja ya jeni ikiharibika na ingine ikawa nzima, nusu ya protini ni mbovu, na zikiungana bila kuchaguana, uwezekano wa kupata kundi la nne zote nzima ni 1 kwa 16 tu. Yaani nakala moja mbovu inaivuta chini na ile nzuri. Kuna familia chache zinazozaliwa na nakala mbovu tayari, ugonjwa unaitwa Li-Fraumeni, watu wake wanapata kansere mbalimbali wakiwa bado vijana ama watoto, matiti, mifupa, ubongo, na mwaka 1990 ilithibitishwa kwamba sababu ni TP53.

Lakini wengi wetu hatuzaliwi nayo mbovu. Inaharibiwa baadaye, na hapa nimefika kwenye mahindi na karanga.

Kuna kuvu inaitwa Aspergillus flavus, rangi yake kijani ya manjano, kama vumbi. Inaota juu ya mahindi na karanga zilizopata shida ya ukame shambani, ama zilizovunwa zikafungiwa kwenye gunia bado ziko na maji. Inatoa sumu, aflatoksini, na mbaya kuliko zote ni aflatoksini B1. Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960 pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza, walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga. Ukiila nyingi kwa mara moja inaua ini ndani ya siku chache, mwaka 2004 kule Kenya, nasema nchi ya Kenya siyo komini yetu ya Lubumbashi yenye jina hilo, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye kuvu. Lakini kinachonihangaisha mimi zaidi ni ile ya kidogo kidogo, kila siku, miaka na miaka, juu huyu mtu haumwi, anakula bukari yake mchana na usiku na hakuna kinachomwambia.

Angalia inavyofanya. Aflatoksini B1 ikifika kwenye ini, ini linataka kuisafisha itoke mwilini, na kwa kuibadilisha linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachojibandika kwenye ADN, kwenye herufi G (herufi za ADN ni A, C, G na T). Seli ikija kunakili ADN yake, pale penye G iliyobandikwa inakosea, inaweka T. Sasa kwenye TP53, fasi ya 249, herufi zinasomeka AGG, maana yake weka asidi amino arjinini. G ya mwisho ikigeuka T, inakuwa AGT, maana yake serini. Herufi moja kwenye mnyororo wote. Na ile arjinini 249 inasaidia kushikilia umbo la sehemu ya p53 inayokaa juu ya ADN, ikiondoka sehemu ile inalegea. Mwaka 1991 timu mbili tofauti, moja ilichunguza wagonjwa wa kansere ya ini kutoka Qidong, China, ingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, zikakuta badiliko lile lile, fasi ile ile, 249. Fasi mbili za dunia zilizo mbali namna hiyo, na kinachoziunganisha ni chakula chenye kuvu. Kwa wagonjwa wa nchi zisizo na aflatoksini, badiliko hilo kwenye ini ni nadra. Sijui kama kuna mfano mwingine wa chakula kuacha alama iliyo wazi namna hii ndani ya jeni.

Na haiko peke yake. Virusi vya hepatite B vinakaa kwenye ini lile lile, vinafanya seli zake zife polepole, ini linalazimika kuzaa seli mpya kila saa, na kila seli inaponakili ADN yenye sumu nafasi ya kosa inaongezeka. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulilinganisha watu: wenye alama za aflatoksini peke yake hatari yao ya kansere ya ini ilikuwa mara 3.4, wenye hepatite B peke yake mara 7.3, wenye vyote viwili mara 59.4. Siyo kujumlisha, siyo hata kuzidisha, imepita hapo. Njo maana ile sindano ya pentavalente ambayo mama anapeleka mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo ndani yake kuna chanjo ya hepatite B, ni chanjo ya kansere pia, watu wa afya wangesema hivyo kwa sauti akina mama wengi wasingeruka ile ya tatu.

Kuhusu sumu yenyewe, kupika hakuiondoi, moto wa jiko hauifikii, na kusaga ndiyo kabisa, kunaichanganya tu na unga mzuri. Kinachosaidia ni kukausha mahindi mpaka yashuke chini ya asilimia 13 za maji kabla ya kufunga gunia, kuyaweka juu ya mbao siyo chini kwenye sakafu, na kuchagua. Mama anayekaa na sinia la karanga magotini, anatoa moja moja zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vumbi, anaondoa sehemu kubwa ya sumu kwa vidole vyake, juu sumu haienei sawa, inajaa kwenye punje chache. Kukoboa mahindi kunapunguza vile vile juu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Shida ni zile zilizotolewa. Zikipelekwa kwa kuku ama ng'ombe sumu haijapotea, kwa ng'ombe inatoka kwenye maziwa, na zikienda kwenye pombe ya kienyeji zinarudi kwa mtu moja kwa moja. Zilizooza zitupwe, najua ni vigumu kusema hivyo wakati gunia limepanda bei na unga unangojewa kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lakini zitupwe.

Kitu cha pili kinachoondoa p53 huku kwetu hakigusi jeni hata kidogo. Kansere ya shingo ya kizazi ni moja ya zile zinazowaua wanawake wengi Kongo, na karibu zote zinaanza na virusi vya HPV, aina ya 16 na 18 peke yake zinaleta kama asilimia 70. Harald zur Hausen alipata Nobel mwaka 2008 kwa kuligundua hilo. Kirusi hiki kinahitaji seli iendelee kunakili ADN ili nacho kipate kuzaana, na seli ikiona fujo hiyo p53 ingepanda iiue. Kwa hiyo kirusi kina protini yake, E6, inayoshika protini ya seli yenyewe inaitwa E6AP, na zote mbili zinaibandika p53 ile alama ya ubikwitini, inasagwa. Ni njia ya MDM2, ila hapa hakuna fosfati ya kuizuia. Kwamba E6 inaiangamiza p53 ilionyeshwa mwaka 1990. Ukisoma TP53 ya mgonjwa huyu mara nyingi utaikuta iko sawa, kila herufi fasi yake. Seli maarufu za maabara HeLa, zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, ziko hivyo, zina HPV 18 na p53 isiyo na kosa ambayo inasagwa kila ikitengenezwa. Mwaka 2000 watafiti walizima E6 na mwenzake E7 ndani ya HeLa: p53 ikarudi, na seli zilizokuwa zinagawanyika kwa karibu miaka 50 zikasimama. Chanjo ya HPV iko tangu 2006, inapaswa kutangulia kirusi, njo maana inalengwa kwa wasichana wadogo kabla hawajaanza mambo ya ndoa.

Pale kwenye mbuga ya Upemba, huku Katanga, kuna tembo wachache waliobaki, na tembo ni mkubwa mno, seli zake ni nyingi kuliko zetu mara nyingi sana, kwa hesabu ya kawaida angepaswa kufa na kansere akiwa kijana. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba kwa kila upande, wa baba na wa mama, jenomu yake ina nakala kama 20 za TP53, sisi tuko na moja tu, na seli zake zikipigwa mionzi zinajiua upesi kuliko zetu. Mtu anaweza kusema basi tuongezewe. Walijaribu kwa panya mwaka 2002: wale walioongezewa nakala kamili, pamoja na swichi zake zote, walikingwa na kansere na wakaishi vizuri, lakini wengine ambao p53 yao ilikuwa inawaka kupita kiasi walikingwa na wakazeeka mapema, mifupa ikalegea, ngozi ikawa nyembamba, juu seli zilizotakiwa kujaza upya mwili zilikuwa zinazuiwa.

Kwenye dawa, kilichofanikiwa mpaka sasa kimepita mlango wa chini, siyo wa p53. Venetoklaksi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016 kwa aina moja ya leukemia (kansere ya damu) ya wazee, ni molekuli ndogo inayoingia kwenye shimo la BCL-2, lile lile ambalo PUMA inajaza, kwa hiyo seli inakufa hata kama p53 yake imeharibika. Inaua kwa kasi mpaka madaktari wanalazimika kuanza na dozi ndogo na kuipandisha wiki kwa wiki, juu seli nyingi zikifa pamoja zinamwaga potasiamu kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Kurudisha p53 mbovu katika umbo lake ni kazi ngumu zaidi, kuna molekuli zinazojaribiwa. Njia ya tatu ni kuziba lile tundu, kuzuia MDM2 kwa wagonjwa ambao p53 yao bado nzima, molekuli za kwanza za kufanya hivyo, nutlini, zilitangazwa mwaka 2004. Kwenye maabara zinafanya kazi vizuri. Kwa mtu zinapandisha p53 kila fasi, na uboho unaumia kwanza, vigandishi vya damu vinashuka, utumbo unakataa, njo maana kwenye majaribio mengi wanampa mgonjwa kwa siku chache, alafu wanamwacha apumzike mpaka damu yake ipande tena, ndipo warudie.